Shilingi ya Vitovu

Nilikuwa ninakula wali wakati video ya baba mdogo ilipoingia kwenye simu. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana bila huo wali hutanihurumia. Nilikuwa nyumbani kwangu Mwanza, sahani mapajani kama wafanyavyo wanawake wanaoishi peke yao, nikabonyeza. Ukatokea mkono wa baba mdogo, nikautambua kwa kucha ya kidole gumba iliyopasuka tangu ujana wake. Mkono ukashusha shilingi nyeusi kwenye sinia la mchele, ukaikandamiza, kisha ukaiinua. Punje za mchele zikapanda nayo, zimeng'ang'ania. Sauti ikanong'ona kama ya mtu aliye kanisani: "Umeona, Profesa? Inavuta."

Mimi si profesa. Nina digrii, na huandika makala ambazo watu husoma wakisubiri kinyozi. Lakini kwetu Izimbya, mtu aliyesoma chuo kikuu na akarudi bila gari hupewa uprofesa ili asijisikie vibaya.

Niliweka kijiko chini. Sikushangaa hata kidogo. Niliitambua shilingi ile, nikajua ni kitu gani kilichoushika mchele ule, na tonge lililokuwa kinywani likakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Bila shaka umewahi kusikia habari hizi, saluni au msibani. Eti fedha ya kale, ya Mjerumani au ya mfalme wa Waingereza, ikivuta mchele basi ina nguvu, na kuna tajiri wa mbali anayeitafuta kwa mamilioni. Tajiri mwenyewe hajaonwa na mtu. Anayeonekana ni wakala wake, na wakala daima ana kitu kidogo anachohitaji kwanza. Wa baba mdogo alihitaji ada ya kipimo. Mashine ya kuipima shilingi, alisema, haiwashwi bure.

Ujumbe wa pili ndio ulionipandisha basi. Baba mdogo alikuwa amempata mtu wa kuinunua kahawa yote ya kibanja cha bibi, shamba linaloizunguka nyumba, kwa butura, yaani ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya mtu aliyekukaba koo. Jumamosi angepokea hela, na jioni hiyohiyo angempa wakala. Kahawa ile ndiyo inayowalisha yeye na shangazi yangu, dada yake mkubwa, mwaka mzima. Hakuna nyingine.

Basi lilipofika Muleba, nikatazama upande wa Ijumbi alikozaliwa bibi, nikaanza kukumbuka. Tatizo ni kwamba kumbukumbu zangu zote za shilingi ile zina harufu.

Ilitoka huko Ijumbi. Baba yake bibi aliipata alipouza kahawa, na hakuitazama vizuri mpaka alipofika nyumbani. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima, kama shilingi zote za wakati ule. Lakini ukimshika mfalme wima kisha ukaigeuza, simba wa shilingi hii alikuwa amesimama kwa kichwa, miguu juu, na milima ikining'inia kama nguo kwenye kamba. Hakuna aliyetaka kuipokea. Simba aliyekufa, watu walisema, analeta kifo nyumbani. Mzee aliizungusha kila mahali akarudi nayo. Binti yake alipoolewa Izimbya, akampa aondoke nayo. Bibi aliisimulia hadithi hiyo bila kinyongo. "Mimi na shilingi," alisema, "wote wawili tulikuwa tumekataliwa dukani."

Sasa nije kwenye vitovu.

Wakati ule mtoto mchanga akiwa na kitovu kinachotokeza, kilifungwa shilingi. Unaiweka juu ya kitovu, unazungushia kitambaa tumboni, unaacha wiki baada ya wiki mpaka kirudi ndani. Leo muuguzi wa kliniki akikukuta unafanya hivyo atakusema mbele ya watu, na atakuwa na haki. Lakini hatukuwa na muuguzi, tulikuwa na bibi. Na bibi alikuwa na elimu yake kamili juu ya jambo hilo. Senti kumi yenye tundu haifai, kwa sababu kitovu kitachungulia. Shilingi yenye simba wima haifai pia, kwa sababu simba wima anatazama watu, hana habari na kazi. "Huyu wangu kichwa kiko chini," alisema. "Huyu anasukuma."

Kwa hiyo shilingi iliyokataliwa Ijumbi ikawa na kazi Izimbya. Iliazimwa nyumba hadi nyumba, mtoto hadi mtoto. Baba yangu alifungwa, shangazi alifungwa, baba mdogo alifungwa, mimi nilifungwa. Tulipokwenda kuoga mtoni tulilinganisha matumbo, na aliyekuwa na kitovu kilichozama sana alijigamba kwamba simba alimpenda. Kuna mtoto wa jirani aliyefungwa senti kumi yenye tundu, akabaki na kitovu kama kifundo cha mkia wa mbuzi. Tulimwita Tundu mpaka alipooa.

Ningeweza kuishia hapo, ikawa hadithi tamu ya kale. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuirudisha.

Shilingi iliyokaa wiki kadhaa juu ya kitovu cha mtoto mchanga, imepakwa samli kila asubuhi, ndani ya kitambaa, kwenye joto la tumbo, hairudi kama ilivyokwenda. Ilirudi na manyoya. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimejaa kwenye singa za simba, samli imegeuka kijani pembezoni, na katikati ya milima kulikuwa na utando mwororo ambao sikuthubutu kuuliza ni nini. Nyumba moja waliongeza poda, ikawa uji. Nilikuwa naibeba kwenye kipande cha jani la mgomba, mkono nimeunyoosha mbele kama mtu anayembeba nyoka, uso nimeugeuzia upande. Harufu yake ilikuwa ya vitu vitatu: samli iliyochacha, maziwa ya kucheuliwa, na kitu cha tatu ambacho sijakipa jina mpaka leo.

Bibi aliipokea, akaipangusa kwa kidole kimoja, akaifunga kwenye kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, akaining'iniza juu ya jiko ipate moshi. Kuiosha ilikuwa mwiko. "Simba haogi," alisema. Ukiuliza kwa nini, alikuuliza kama umewahi kumwona akioga. Nguvu zake, kwa maelezo ya bibi, zilikuwa kwenye watoto waliotangulia. Kila mtoto alimwachia kidogo, na anayefuata alikikuta. Nilipokuja kusoma habari za vijidudu nililikumbuka neno hilo, nikaona kwamba alikuwa amesema kweli kabisa.

Bado sijakuambia lililo baya zaidi. Mtoto mpya alipoletwa, bibi aliitoa shilingi kwenye lubugo na kuitia mdomoni. Aliiweka shavuni kama watu wa kwetu wanavyoweka kahawa ya kutafuna, akaendelea kupiga soga na mama wa mtoto, mpaka ipate joto. "Simba wa baridi atamshtua," alieleza, maneno yakipita kando ya shilingi. Kisha akaitoa, ikimeremeta, akaipaka samli na kuifunga. Sisi wajukuu tulikimbilia nyuma ya jiko tukiziba midomo. Na yote hayo yalitokea katika nyumba iliyonukia vizuri kuliko zote nilizowahi kuishi: ndizi zikitokota chini ya majani yake, kahawa imeanikwa uani, na msimu wa mvua senene wakikaangwa kwa chumvi na kitunguu baada ya sisi kushinda tukiwanyonyoa mabawa na miguu. Senene bibi alinilisha kwa mkono wake. Nilifumba macho, nikala, nikijaribu kutofikiria mkono ule ulitoka wapi.

Aliyenifundisha kuitazama shilingi ile kwa macho badala ya pua alikuwa Mhindi mzee mwenye duka Bukoba mjini. Kila baada ya kuuza kahawa bibi alinichukua kwenda kununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Duka lake lilinukia binzari na kanga mpya. Chini ya meza alikuwa na droo ya fedha zilizokataliwa na watu, na kioo kidogo cha fundi saa alichokibana kwenye jicho. Wateja wakipungua alinionyesha.

"Kuna sarafu iliyozaliwa na alama," aliniambia, "na kuna iliyopata ajali njiani." Akanipa senti kumi ambayo tundu lake lilikuwa limekaa pembeni, karibu kutoka nje. Hiyo ilizaliwa hivyo, mashine ililala. Akanipa shilingi yenye pua mbili za mfalme, moja kama kivuli cha nyingine. Hiyo nayo ilizaliwa hivyo. Iligongwa muhuri mara mbili. Kisha akanipa iliyopindishwa kwa nyundo, na nyingine iliyotafunwa ukingo kwa tupa. "Hizi ni ajali. Ajali nyingine zinaletwa na njaa." Akanifundisha kuishika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, na kuizungusha, nione kama pande zote mbili zimesimama sawa.

Nikamwambia bibi ana moja isiyosimama sawa. Bibi akafungua fundo la kanga na kumpa. Mzee aliizungusha, na nikaona uso wake ukibadilika kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Akaizungusha tena. Akabana kioo kwenye jicho, akaisogeza karibu, karibu zaidi. Hapo ikafika puani.

"Mama," alisema polepole, "hii ilikuwa wapi?"

"Tumboni kwa watoto."

"Ndani?"

"Juu, waitu. Kwenye vitovu."

Akaiweka mezani kwa heshima, akaenda nyuma, tukasikia maji. Alirudi mikono ikinuka sabuni ya mche, akajifuta kila kidole, kisha akasema atatoa doti mbili za kanga na kopo la majani ya chai. Nilimheshimu sana siku ile. Nilikuwa sijajua kwamba mtu anaweza kuchukizwa na kutamani kwa wakati mmoja.

Bibi alicheka. "Nikikupa, vitovu vya Izimbya utavisukuma wewe?"

"Siwezi, mama. Basi usiioshe. Usiisugue kwa majivu wala mchanga. Sarafu iliyosuguliwa ni kama mzee aliyepaka nywele rangi. Kila mtu anajua isipokuwa yeye."

Basi watu wawili walionilea akili, mmoja kwa ajili ya simba na mwingine kwa ajili ya thamani, walikubaliana jambo moja tu duniani: isioshwe. Duka lile leo linauza vioo vya simu. Niliwahi kuingia kuuliza habari za droo, kijana akanionyesha chaja.

Nilifika Izimbya Ijumaa mchana. Shangazi alinipokea uani. Nikamwamkia, akanishika mikono, akanipima kwa macho.

"Umekonda, mae. Huko Mwanza samaki wamekwisha?"

Baba mdogo alitoka ndani amevaa koti, kama mtu ambaye fedha zimeshaingia. "Profesa! Umekuja kushuhudia."

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kukuomba usiuze maua."

"Marahaba. Kwanza uone."

Sinia likaletwa. Shilingi ikashuka, ikapanda na mchele wake. Nilipoinama, harufu ile ikanipiga, ileile, samli na maziwa na kile cha tatu. Nikawa na miaka minane. Nikamwambia ukweli: kinachoshika si nguvu, ni mafuta. Ni samli ya vitovu vya kijiji kizima, iliyogandiana kwa miaka, na ingeshika mchele, nyuzi, nzi, chochote.

"Unasema mama yetu alikuwa mchafu?"

"Anasema simba ni mchafu," shangazi akaingilia. "Na ni kweli. Wewe mwenyewe ulimharishia."

"Dada!"

"Nilikuwepo."

Nikafikiri nitatumia elimu. Nilitoa shilingi mia mbili kwenye pochi, nikaipaka samli ya shangazi, nikaichovya kwenye mchele. Ikatoka imejaa punje. Nikamtazama baba mdogo kwa huruma ya msomi. Yeye aliitazama ile mia mbili kwa muda, akaigeuza, kisha macho yakamtoka.

"Na hii ina simba!" alisema. "Si unaona? Ni simba ndiye anayevuta. Unazo nyingine?"

Nikapaka samli kijiko. Kikashika mchele. Akasema kijiko kilikaa sinia moja na simba tangu asubuhi. Hapo nikaelewa kwa nini sikuwahi kupewa kazi ya kufundisha.

"Basi leteni maji ya moto na sabuni," nikasema.

Kuku alipita, akadonoa punje iliyoanguka. Baba mdogo aliishika shilingi kwa mikono miwili. Mimi nilimtazama shangazi, kwa sababu ndiye aliyerithi nyumba na lubugo na kila mwiko uliokuwa juu ya jiko lile.

"Simba haogi," alisema.

"Najua, shangazi."

"Mama alikataza."

"Najua. Hata mzee wa duka alikataza."

Aliangalia kibanja. Mibuni ilikuwa imechanua, myeupe, yenye harufu tamu ya kizembe inayokufanya usahau kwamba maua hayaliwi. Kaburi la bibi liko huko huko, katikati ya migomba, na kutoka uani unaliona. Aliliangalia, ameshika kiuno, kisha akamnyooshea mdogo wake kiganja. Baba mdogo, mtu mzima mwenye wajukuu, aliiweka shilingi kwenye kiganja kile kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Muoshe," shangazi akaniambia.

Nimefanya mambo mengi ya kutia kinyaa maishani, lakini hakuna lililofikia kumwogesha simba yule. Maji ya kwanza yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Ya pili yalitoa macho ya mafuta, yakaelea, yakaungana. Nikatumia mswaki wa zamani. Kutoka kwenye singa vilitoka vitu kama nyuzi za mchicha. Kutoka kwenye milima kilitoka kile cha tatu, chote, laini, ikanibidi nisimame nipumue. Sikusugua zaidi ya hapo. Nilipomaliza, simba alikuwa na meno. Sikuwahi kujua kwamba ana meno.

Tukamkausha, tukamshusha kwenye mchele, tukamwinua. Akaja peke yake.

Baba mdogo alimrudisha mara nyingi, akikandamiza kwa nguvu zaidi kila mara. Mwishowe akampigia wakala. Tulisikia sote, maana simu yake inapiga kelele. Wakala hakuhuzunika hata kidogo. Atume tu ada, alisema, mashine itairudishia nguvu.

Shangazi akaichukua simu. "Wewe baba," alimwambia, "una kitovu?"

"Nini, mama?"

"Kama unacho, kipime hicho," akaikata.

Kahawa haikuuzwa. Hilo ndilo nililokwenda kulifanya, na lilifanyika. Lakini usidhani nilishukuriwa. Baba mdogo alivua koti, akakaa kizingitini, akaniambia bila kunitazama kwamba nimemwoshea mamilioni. Mpaka leo anawaambia watu hivyo. Nilijaribu kumpa faraja. Niliishika shilingi kwa vidole viwili, juu na chini, nikaizungusha mbele yake: mfalme wima, simba kichwa chini. Nikamwambia hili ndilo la ajabu kweli, amezaliwa nalo, muhuri mmoja ulizunguka kiwandani, na wapo watu wanaokusanya makosa ya namna hiyo.

"Kupinduka tu?" alisema. "Hilo tunalijua tangu zamani."

Shangazi aliurudisha mchele wa sinia kwenye chungu, kwa sababu mchele hautupwi. Nilikula ndizi.

Lile beseni la maji machafu nililishika nikamwage nyuma ya choo. Akanizuia. Alilibeba mwenyewe, polepole lisimwagike, hadi kwenye migomba iliyo karibu na kaburi, pale ambapo kondo na vitovu vya wote tuliozaliwa nyumba ile vilizikwa. Akayamimina kwenye shina la mgomba mmoja, akasubiri yazame. Hakusema sala wala nini. Alisema, "Wamerudi," kisha akakung'uta beseni.

Aliporudi uani aliichukua shilingi mezani, akaipeleka puani. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha.

"Sabuni," alisema, akanipa.

Nikainusa. Utoto wangu wote niliibeba nikiwa nimegeuza uso. Sasa niliisogeza mpaka ikagusa pua, upande wa mfalme, kisha upande wa simba, nikiitafuta samli, na maziwa, na kile cha tatu kisicho na jina, na baba yangu, na bibi na shavu lake lililovimba akipiga soga. Sikupata kitu. Ilikuwa baridi na ilinukia kama sabuni ya mche. Nilirudisha mkono haraka, nikaufuta kwenye gauni. Katika miaka yote niliyoijua, shilingi ile haikuwahi kunitia kinyaa kama siku ilipokuwa safi.